Ng'ombe wa Kulwa, pikipiki ya Doto

Mwezi huu sitaongelea wivu, wala meseji za usiku wa manane, wala yule shemeji anayekuja kutembea bila kusema ataondoka lini. Barua zenu kuhusu hayo nimezisoma, na zamu yake itafika. Leo nataka tuongee kuhusu ndoto. Sio zile za usingizini. Nasema ile ndoto ya mtoto wa nyumbani, yenye kelele, yenye harufu ya petroli, na yenye bei.

Nianze na familia yangu mwenyewe, maana siku zote nawachambua ya kwenu, si vibaya leo mkanichambua mimi.

Kaka yangu mkubwa anaishi Shinyanga. Ana watoto mapacha, na kama ujuavyo kwetu Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, basi hayo ndiyo majina nitakayotumia hapa. Kulwa ni msichana, Doto ni mvulana, wote wana miaka 22. Kwao mimi ni shangazi. Na shangazi, kwa mila zetu, sio mtu wa kuleta zawadi za Dar na kuondoka. Shangazi ndiye mdomo wa binti pale ambapo binti hapaswi kusema. Hilo neno lishike, tutalirudia.

Julai 2025 kaka alinipigia simu. "Mdogo wangu, tuna kikao cha ukoo. Lakini kabla hujafika hapa, pitia Katoro ukamwone Doto. Uniambie kama ana kipaji kweli au amechanganyikiwa."

Vumbi la Katoro

Nikaruka mpaka Mwanza, nikavuka lile daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwezi mmoja tu kabla. Watu wa Geita bado walikuwa wanalishangaa, wakikumbuka foleni za kivuko. Kutoka Geita mjini mpaka Katoro nilipanda mchomoko. Kama hujawahi, mchomoko ni Probox moja, abiria wanne kiti cha nyuma, na mbele abiria mmoja amegawana kiti na dereva. Dereva wetu alikuwa akikata kona huku anapokea simu. Nikasema kimoyomoyo, kama ni mbio, hapa kila mtu anashiriki, tofauti ni kwamba wengine hawajajiandikisha.

Doto anaendesha bodaboda pale. Pikipiki si yake, kila jioni anapeleka hesabu ya shilingi elfu kumi kwa mwenye nayo, kinachobaki ndicho chake. Alinipakia, tukaingia barabara ya vumbi inayoelekea kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Huko yeye na wenzake wamejitengenezea uwanja. Matairi mabovu yamepangwa kama kona, na rundo la mawe yaliyotolewa shimoni limesawazishwa likawa kilima cha kurukia.

Akaniambia, "Shuka, shangazi, uangalie."

Msomaji wangu, mimi si mtaalamu. Nimesomea mawasiliano, sio injini. Lakini kipaji ukikiona unakijua. Wenzake walikuwa wanaingia kona kwa kelele na kutoka kwa kuyumba. Yeye aliingia kimya kimya na kutoka mbele. Nikamuuliza anafanyaje. "Shangazi, kona huishiki kwa breki, unaishika kwa macho. Unatazama unakotaka kwenda. Ukitazama shimo, utakwenda shimoni."

Nikacheka, lakini sikucheka muda mrefu. Chini ya mwembe alikuwa amekaa mwenzao mmoja, mguu una vyuma, magongo pembeni. Usiku, barabara ya lami ikipungua magari, vijana huweka dau na kushindana. Yule aliangukia huko. Nikamuuliza Doto kama naye huwa anakwenda. Akatazama chini, akasema, "Zamani."

Nikajua zamani hiyo ilikuwa wiki iliyopita.

Kikao

Siku iliyofuata nilisafiri kupitia Ushirombo na Kahama mpaka Shinyanga. Kikao kilikuwa uani, chini ya mti, mzee wetu kwenye kiti chake, kaka, wifi yangu, baba wadogo wawili, na mimi msomi kutoka mjini.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kulwa alikuwa ameposwa. Mahari ilikuwa ng'ombe 12. Wanne walikwishagawiwa wakubwa wa ukoo kama desturi, wakabaki wanane zizini. Kuna jamaa Mwanza alikuwa anauza pikipiki ya mashindano, iliyokwishatumika, kwa milioni sita. Mnadani ng'ombe wa wastani alikuwa anakwenda laki nane. Piga hesabu: wanane ni milioni sita na laki nne. Yaani walitosha, na ikabaki ya kofia ngumu na mafuta.

Kaka alikuwa amekwishaamua moyoni, alitaka tu mtu wa kumsukuma. "Wewe ndiye unayesoma hayo magazeti ya nje," akaniambia. "Hawa wanaofika mbali, huwa wanaanzaje?"

Basi nikapewa jukwaa. Na nani humpa mhariri jukwaa akakataa?

Wanaanzaje?

Nikawaambia kwamba karibu wote unaowaona kwenye Formula One walianza na gokati, kigari kidogo kisicho na paa, kinachokaa chini karibu kugusa ardhi. Na karibu wote walianza wakiwa wadogo kuliko mtoto wa darasa la nne.

Mchukue Oscar Piastri wa Australia, aliyezaliwa Melbourne mwaka 2001. Alianza na magari ya kuchezea ya rimoti, akapanda kwenye gokati, na akiwa na miaka 14 hivi akahamia Uingereza kwa sababu mbio zenye ushindani ziko Ulaya. Akawa mwanafunzi wa bweni, huku mama na wadogo zake wakibaki upande wa pili wa dunia. Mwaka 2019 alichukua ubingwa wa Formula Renault Eurocup, 2020 Formula 3, 2021 Formula 2, miaka mitatu mfululizo. Akaingia Formula One na McLaren mwaka 2023, na Julai 2024 akashinda Hungary. Ni kijana mtulivu, ukimsikiliza utadhani ni mhasibu. Lakini baba yake ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya programu za kurekebisha injini. Nyumba ile haikukosa nauli.

Mchukue Lewis Hamilton, bingwa wa dunia mara saba. Baba yake, Anthony, hakuwa tajiri. Kuna kipindi alishika mpaka kazi nne ili mwanawe apate matairi. Mtoto alianza mbio za gokati akiwa na miaka minane, na mwaka 1998, akiwa na 13, McLaren wakamchukua chini ya mikono yao. Bila mkataba ule, kazi nne zisingefika popote. Au Esteban Ocon wa Ufaransa, ambaye wazazi wake waliuza nyumba na kuishi ndani ya gari la kambi ili mtoto aendelee kushindana.

Nilipofika hapo kaka alipiga goti lake kwa kofi. "Mnasikia? Waliuza nyumba! Sisi ni ng'ombe tu."

Wifi akauliza swali la maana zaidi. "Hao ni Wazungu, wifi, na huyo Hamilton naye ni wa Uingereza. Huku kwetu je?"

Huku kwetu, nikamwambia, mbio zetu ni za vumbi, sio za gokati. Tangu mwaka 1953, Safari Rally ilipoanza ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, shule yetu imekuwa ni matope, mashimo na ng'ombe anayevuka bila taarifa. Kuna miaka miwili, 1963 na 1968, ambapo katika magari yote yaliyoondoka, saba tu yalirudi. Na Tanzania tumo kwenye historia hiyo. Mwaka 1966 na 1967 Safari ilichukuliwa na Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa anaishi Dar es Salaam, na msoma ramani wake Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Naam, ile Peugeot ambayo wazee wetu walipandia harusi. Uganda nayo ilimtoa Charles Muhangi, bingwa wa mbio za magari Afrika mwaka 1999. Kenya ikamtoa Manvir Baryan, aliyeshika ubingwa huo 2017, 2018 na 2019.

Kisha nikawapa habari ya McRae Kimathi, Mkenya. Jina lenyewe ni hadithi. Baba yake, Phineas Kimathi, alikuwa dereva wa mbio na baadaye kiongozi wa mchezo huo Kenya, akampa mwanawe jina la Colin McRae, yule Mskochi bingwa wa dunia wa 1995 aliyeshinda Safari 1997, 1999 na 2002. Baada ya mwaka ule 2002 Safari iliondolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia, ikarudi 2021 pale Naivasha. Kijana aliyepewa jina la bingwa akakua katika kipindi ambacho mashindano yenyewe hayakuwepo nyumbani. Hata hivyo Februari 2022 alikuwa Umeå, Uswidi, na msoma ramani wake Mwangi Kioni, wakiendesha Ford Fiesta Rally3 kwenye barafu katika mashindano ya dunia ya vijana. Ratiba ya mwaka ule ilikuwa Uswidi, Kroatia, Ureno, Estonia na Ugiriki. Mtoto wa Kenya, theluji mpaka magotini!

"Hiyo gari ni kiasi gani?" akauliza mzee wetu, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya.

Nikamwambia, karibu euro 100,000. Kwa fedha zetu siku ile, kama milioni 300.

Mzee alitazama zizi, akatazama juu, midomo ikicheza. Yeye hahesabu kwa shilingi. "Hao ni zaidi ya ng'ombe mia tatu na hamsini," akasema. "Bado matairi."

Kimya kikapita. Nikaona nimalizie kwa busara. Nikasema ukiwatazama wote hawa, kipaji ni nusu, nusu nyingine ni nyumba walikozaliwa. Kalle Rovanperä wa Finland alikuwa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote mwaka 2022, akiwa na miaka 22 na siku moja, na mwaka huohuo akashinda Safari. Baba yake, Harri, ndiye aliyekuwa wa pili kwenye Safari ya 2002. Hata McRae mwenyewe alikuwa mtoto wa Jimmy McRae, bingwa wa Uingereza mara tano. Kwa hiyo, nikasema, Doto ana kipaji, nimekiona kwa macho yangu. Tusimzimie taa. Ila tujue tunaingia mchezo wa watu wenye mifuko mirefu.

Baba wadogo wakatikisa vichwa. Kaka akaniambia nimesema vizuri. Kiukweli, msomaji, na mimi nilijiona nimesema vizuri.

Jikoni

Niliingia jikoni kutafuta maji. Kulwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapika michembe, moshi umejaa. Tulikuwa tumeongea karibu saa nzima, na jiko liko hatua kumi kutoka kwenye ule mti. Alikuwa amesikia kila neno.

"Shikamoo tena, shangazi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umesikia mambo ya kaka yako?"

Akageuza michembe taratibu. "Nimesikia. Shangazi, naomba kuuliza. Katika hao wote uliowataja, kuna aliyepanda gari kwa mahari ya dada yake?"

Nilisimama na kikombe mkononi. Nikataka kusema kitu cha kisomi. Sikukipata.

Akaendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililonikata zaidi. "Simkatai Doto. Tumelala tumbo moja. Lakini mimi nilifaulu kidato cha nne, nikaomba chuo cha uuguzi, nikaambiwa hela hakuna. Nikasema sawa. Mwaka huu nimeposwa, nikasema sawa. Sasa hela imepatikana, tena imepatikana kwa ajili yangu, na kikao kimekaa. Shangazi, wewe umetoka Dar. Umepita Katoro kumwona Doto. Mimi niko hapa hapa. Umeniuliza nini?"

Mpenzi msomaji, nilikuwa nimemuuliza rangi ya vitenge vya harusi. Basi. Nilishiriki mazungumzo ya mahari kwa simu, nikatuma fedha za vitenge, nikajiona shangazi wa kisasa. Nilisafiri kilomita zaidi ya elfu moja kwenda kuangalia kipaji cha mvulana. Kipaji cha msichana kilikuwa kinanipikia michembe, nikapita karibu yake kutafuta maji.

Mwanaume aliyemposa, nikamuuliza sasa, kwa kuchelewa, ni mtu wa namna gani? Akatabasamu kidogo. "Ni mtu mzuri. Alisema nikitaka kusoma, atasubiri. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza."

Mzee alisema

Nilirudi uani. Nikapiga magoti mbele ya mzee wetu, jambo ambalo sijalifanya tangu niolewe, nikasema nimekosea. Nikasema mimi ndiye shangazi, mdomo wa Kulwa, na saa nzima mdomo ule umesema habari za Australia.

Kaka alikunja uso. "Mdogo wangu, mambo ya ng'ombe usiyaingize jikoni."

Mzee akainua mkono. "Ng'ombe hawa tunawaitaje?"

Baba mdogo mmoja akajibu, "Ng'ombe wa Kulwa."

"Jina lake liko zizini, yeye hayupo kikaoni. Mwiteni."

Kulwa alikuja, akapiga magoti, akasema yale yale aliyoniambia, kwa maneno machache zaidi. Wifi yangu alianza kulia kimya kimya. Baadaye aliniambia alikuwa anajilaumu, maana naye mahari yake ilimwoza kaka yake mkubwa, na siku ile hakuna aliyemuuliza, akadhani ndivyo dunia ilivyo.

Uamuzi ulichukua mpaka jua linazama. Ng'ombe watatu wangeuzwa kumwingiza Kulwa chuo mwaka wa kwanza, na mimi nikaahidi kubeba mwaka unaofuata, kwa maandishi, baba mdogo akishuhudia. Mmoja angeuzwa kumpeleka Doto VETA akasomee ufundi wa magari. Wanne wangebaki zizini, maana ndoa bado ipo na mambo hayatabiriki.

Hapo ndipo nilipowapa mfano ambao ningeanza nao, kama ningekuwa na akili. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho mwaka 1932. Baba yake alikuwa na gereji, na yeye alikuwa fundi kwanza, dereva baadaye. Alianza mbio akiwa na miaka zaidi ya 25, umri ambao Piastri anaonekana mzoefu. Mwaka 1965 alishinda Safari kwa Volvo iliyokwishatumika, gari ambalo dereva mwingine alilikimbiza mwaka mmoja kabla. Alilinunua, akalitengeneza kwa mikono yake. Pembeni yake, kama msoma ramani, alikaa ndugu yake wa damu, Jaswant. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Hakumuuza ndugu yake ili apate gari. Alimpandisha ndani ya gari.

Doto hakuwepo kikaoni. Kaka alimpigia simu usiku ule. Alikata simu kabla kaka hajamaliza.

Baada ya hapo

Ningependa nikwambie kila mtu alikumbatiana. Haikuwa hivyo. Doto alininunia miezi mitatu. Nilimtumia meseji, hakujibu. Wifi aliniambia amerudia mashindano ya usiku, na kila simu ilipolia saa tano usiku moyo wangu ulikuwa unadunda. Nilijiuliza mara nyingi kama tumemwua kijana kwa kumnyima. Nalisema hili wazi kwa sababu kwenye kurasa hizi huwa tunatoa ushauri kana kwamba uamuzi mzuri hauna gharama. Una gharama. Kaka yangu naye mpaka leo akinisalimia kuna kitu kinakwama kooni mwake.

Oktoba Kulwa alianza chuo. Alinitumia picha amevaa sare nyeupe, viatu vimembana, meno yote nje. Nilimpelekea Doto ile picha bila maneno.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, kwa sauti. "Shangazi, mimi sikujua kama alikuwa analitaka hivyo. Angeniambia." Kikapita kimya, kelele za Katoro nyuma. "Mimi pia sikumuuliza."

Novemba akaacha bodaboda, akaingia gereji pale pale Katoro kama mwanafunzi, akisubiri VETA ifungue Januari. Siku moja akanirekodia sauti nyingine, anahema kwa furaha: amefungua gia boksi ya Land Cruiser peke yake, ameirudisha, na gari limetembea. "Ilibaki nati moja, shangazi, lakini limetembea." Nikamwambia akaitafute nati hiyo inapokaa kabla sijapanda gari lolote la Katoro.

Bado anaota. Jumapili anakwenda kwenye uwanja wao wa matairi, sasa kwa kofia ngumu, hilo lilikuwa sharti langu. Anasema siku moja nimpeleke Naivasha akaone magari yanavyotoka kwenye lile vumbi laini. Nikamwambia tutakwenda, na nauli nitalipa mimi. Siyo Kulwa.

Sasa tuzungumze wewe na mimi

Pengine kwenu hakuna dereva. Pengine kuna mwanamuziki, au mcheza mpira, au yule mdogo wako ambaye kila mwaka ana biashara mpya. Kila familia ina Doto mmoja, mwenye ndoto yenye kelele. Na kila familia ina Kulwa mmoja, aliyesema "sawa" mara nyingi mpaka watu wakadhani hana anachotaka. Kabla hamjauza kiwanja, ng'ombe au cherehani ya mama, hebu kaeni mjiulize mambo haya.

La kwanza, fedha hii ni ya nani? Sio imesajiliwa kwa jina la nani. Imepatikana kwa jasho au kwa maisha ya nani? Huyo awepo kwenye kikao, na asiwe anapika.

La pili, baada ya hatua hii inafuata hatua gani, na nani ataibeba? Pikipiki ya milioni sita ni mwanzo tu. Baba yake Hamilton alikuwa na kazi nne, na bado walihitaji McLaren. Mkimaliza ng'ombe wote kwenye hatua ya kwanza, mtamwacha kijana katikati ya ngazi, na hapo kuanguka ni kubaya zaidi.

La tatu, ndoto isipofika, mtoto atabaki na nini mkononi? Joginder asingeshinda hata mbio moja angebaki fundi mzuri. Tafuteni njia ambayo hata ikiishia nusu, inamwachia mtu kazi.

La nne ni la wapenzi na wachumba. Ukitaka kumjua anayekufaa, usiangalie anachokununulia. Angalia anachokuuliza. Yule kijana aliyemposa Kulwa hakuleta gari, alileta swali moja: wewe unataka nini? Nimekutana na wanaume na wanawake waliokaa kwenye ndoa miaka ishirini bila kuulizwa swali hilo.

Na kama wewe ni shangazi, mjomba, dada mkubwa, yule anayepigiwa simu familia ikikwama, nakuomba jambo moja. Ukifika nyumbani, kabla hujakaa chini ya mti na wakubwa, pitia jikoni kwanza.

Mimi nilichelewa. Wewe wahi.

Tukutane mwezi ujao. Zile barua za shemeji nimeziweka juu kabisa ya meza.